Mwalimu wa Kukata Kushoto

Karibu kila mwanamke wa parokia yetu ya Mesquite aliyejua kuendesha gari alifundishwa na Mwalimu, isipokuwa mkewe. Jambo hilo tulilijua wote, na tulilisema chinichini tukiosha sufuria nyuma ya ukumbi wa kanisa, maana mbele yake hakuna aliyethubutu. Mama Goreti, yaani huyo mkewe, alitusikia na akaendelea kusugua sufuria yake. Kila asubuhi ya kazi alisimama nje ya jengo lao, mfuko wa chakula mkononi, akingoja gari la mtu limpeleke hotelini alikokuwa akitandika vitanda. Wengi wa hao waliompeleka walikuwa wanafunzi wa mumewe.

Jina la Mwalimu halikutokana na magari. Alikuwa katekista katika kambi ya wakimbizi Tanzania, walikokaa Warundi wengi kabla ya kuletwa Texas, na kwao katekista huitwa mwalimu. Amerika ilimpa kazi ya kupanga maboksi ghalani, lakini jina hakuliacha. Mimi ni Mkenya, mtu wa Nakuru, na tulikutana kwenye ghala hilo. Ukoo wake siujui, na mambo ya ujana wake sikuwahi kumuuliza. Ninayemkumbuka ni mzee mrefu, mwembamba, aliyefika kazini na viatu vyeusi vya ngozi vinavyong'aa, akavivua ndani ya gari na kuvaa buti za kazi, na jioni akavirudia vile vyeusi hata kama anakwenda moja kwa moja kulala.

Alikuwa na majivuno, nisidanganye mtu. Ukivisifu viatu vyake alitabasamu hadi chakula cha mchana. Ukimsifu mwalimu mwingine wa gari, alikunja uso wiki nzima. Siku moja nilisema, kwa kumchokoza tu, kwamba kuna kijana Mkongo kule Fort Worth anayefundisha watu kwa siku chache wakapata leseni. Mwalimu alivuta pumzi puani, akaniuliza, "Na wakishapata leseni, dada, wanaishi?"

Madarasa yake yalikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye maegesho ya kanisa. Alifundisha kwa njia aliyoijua, ya katekisimu, maswali na majibu. Mwanafunzi mmoja alishika usukani, Mwalimu akakaa pembeni yake magoti yamebanana, na wengine tulijazana kiti cha nyuma tukingoja zamu. Swali likiulizwa tulijibu gari zima.

"Taa ni ya kijani, mshale hakuna. Mnataka kwenda kushoto. Mna ruhusa ya nini?"

"Kuingia!"

"Kuingia mpaka wapi?"

"Katikati!"

"Kufanya nini?"

"Kusubiri!"

"Nani anapita kwanza?"

"Anayekuja mbele yetu!"

"Mmoja?"

"Wote!"

"Na magurudumu?"

"Yamenyooka!"

Hilo la mwisho alitaka tuliseme kwa sauti kubwa kuliko yote. Tukilisema kwa uvivu, alirudia maswali tangu mwanzo, na jua la Texas likituchoma kwenye kioo cha nyuma. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa uzee. Sababu yake niliijua baadaye, na nitaisema.

Mimi nilikuja kwake baada ya kuanguka testi. Nyumbani nilikuwa nimeendesha gari miaka, tena gari la gia. Lakini Kenya tunapita kushoto, na kukata kushoto kwetu ni kitu kidogo tu, unaambaa na ukingo wa barabara, umeshamaliza. Huku watu wanapita kulia, na kushoto ndiko kugumu. Lazima uvuke njia ya wanaokuja. Siku ya testi mkono wangu ulifanya mambo ya Nakuru. Niliambaa na ukingo, nikajikuta natazamana na magari uso kwa uso, na yule ofisa aliyekaa pembeni yangu akalia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Nilipomsimulia Mwalimu, Warundi wa kiti cha nyuma walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengi wao hawakuwahi kugusa usukani maishani, kwa hiyo hawakuwa na cha kusahau. Yeye hakucheka. "Dada, kichwa chako kinajua," aliniambia. "Mkono ndio umekariri mambo ya kwenu. Tutautembeza."

Na kweli tulitembea. Alipanga viti vya plastiki vya kanisa kwenye maegesho vikawa kona nne za njia panda, akampa kila mmoja wetu sahani ya bati kutoka jikoni. Sahani ndiyo usukani. Wanawake wazima, tumevaa vitenge, tulitembea moja kwa moja hadi katikati, tukasimama sahani zimenyooka, tukawatazama wenzetu waliokuja kutoka mbele nao wameshika sahani zao, tukawaacha wapite, ndipo tukazunguka kwa upana na kuingia upande wetu. Padre alipita akatuona, akasimama kidogo, kisha akaingia ofisini bila kuuliza kitu. Jumamosi kadhaa za namna hiyo na mkono wangu ukasahau Nakuru. Testi ya pili nilifaulu.

Sheria yenyewe si ngumu. Taa ya kijani isiyo na mshale, au mshale wa manjano unaowaka na kuzima, inakuruhusu kuingia katikati na kungoja. Wanaokuja mbele yako wakikatika, unapita. Wasipokatika, unakaa hapohapo mpaka taa igeuke na wao wasimame. Kwa kuwa ulishaingia, una haki ya kumaliza safari yako hata ikiwa nyekundu. Lakini watu wetu walipaogopa pale katikati. Walibaki nyuma ya mstari mweupe, taa inabadilika, inabadilika tena, na honi zinalia nyuma yao. Haikuwa ujinga. Mtu aliyelelewa asikae njiani mwa wakubwa, asisimame mlangoni, asikatize mbele ya wazee waliokaa, unamwambiaje leo akasimame na gari lake katikati ya njia ya kila mtu?

Mwalimu alilielewa hilo kuliko walimu wote wa shule za kulipia. "Pale ni pako," aliwaambia. "Serikali imekupa. Usiombe radhi kwa kusimama mahali pako." Mama mmoja alimwuliza kama si kiburi. Akamjibu kwamba kiburi ni kubaki nyuma ukawazuia watu wote kwa sababu unataka uonekane mpole. Yule mama aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, maana Mwalimu akisema neno hakulipaka asali.

Adabu ilituponza kwa njia nyingine pia. Uko katikati unangoja, na dereva anayekuja mbele yako anasimama kwa wema wake, anakupungia mkono upite. Mwafrika akipewa njia ataikataaje? Lakini huyo mwema yuko kwenye leni yake moja. Kwenye leni ya pili kuna mwingine anakuja mbio, hajui habari za wema wa mtu. Mwalimu alitukataza kabisa. "Mtu akikupungia, mshukuru, kisha ubaki. Amekupa njia yake. Ya mwenzake hana uwezo wa kukupa."

Nakumbuka siku tuliyotoka naye barabarani, mama mmoja wa Kirundi akiwa kwenye usukani, na mzee wa pikapu akasimama akampungia. Yule mama aliachia usukani kabisa, akanyoosha mkono wa kulia na kuushika kiwiko kwa mkono wa kushoto, kama kwao wanavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa, na gari likaanza kujiendea lenyewe. Mwalimu aliukamata usukani. "Heshima acha nyumbani!" alifoka. "Hapa mikono miwili!" Kwenye leni ya pili lilipita lori la mchanga, karibu sana, tukahisi upepo wake. Hakuna aliyejibu maswali tukirudi kanisani siku hiyo.

Na mtu huyu aliyehubiri kungoja, mwenyewe hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Aliinywa inachemka, akalaani ulimi wake. Kwenye foleni ya duka la dawa alihema kwa nguvu mpaka watu wakageuka. Padre akirefusha mahubiri, Mwalimu alianza kukohoa, na parokia nzima ilijua kikohozi kile si cha kifua. Lakini mpeleke katikati ya makutano, magari yanamiminika mbele yake, alitulia kama mtu aliyekaa mbele ya sakramenti. Niliwahi kumwambia kwamba laiti angekaa vile kwenye foleni. Akasema foleni haiui mtu.

Binti yao Goreti alikuwa akiishi Katy, huko upande wa Houston, ameolewa na ana kazi nzuri. Alipiga simu kila Jumapili, na simu ya Mwalimu ilikuwa ya spika, kwa hiyo mazungumzo yao yalikuwa ya ukumbi mzima. Goreti aliongea Kiingereza, baba akajibu Kiswahili.

"Dad, just let Mom drive."

"Ongea Kiswahili, Goreti."

"Baba, mwachie Mama aendeshe. Please."

"Hujambo na watoto?"

Hivyo ndivyo alivyokata kona ya swali hilo, na sisi tulitazama sahani zetu.

Siku ambayo siwezi kuisahau ni ile Mama Goreti alipoomba mwenyewe. Ilikuwa baada ya misa, tunakula. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mfupi, mwenye mikono mikavu kwa dawa za kuoshea vyoo vya hoteli. Alisimama na sufuria ya maharagwe, akampakulia mumewe, kisha akasema mbele ya watu, kwa utani lakini si utani, "Mwalimu, Jumamosi na mimi nitakuja na sahani yangu."

Watu walicheka na kupiga makofi. Mwalimu hakucheka. "Wewe una watu wa kukupeleka," alisema, akaendelea kula.

Jumamosi alikuja. Nilimwona akitembea kutoka upande wa barabara kuu, amevaa kitenge cha kwendea misa, na sahani ya bati chini ya kwapa. Alijipanga na wengine. Mwalimu aliita wa kwanza, wa pili, wa tatu, na zamu ya Mama Goreti ilipofika akaita aliyekuwa nyuma yake. Hakumtazama. Yule aliyeitwa aliona haya, akasita, Mwalimu akarudia kumwita kwa sauti ya juu. Mama Goreti alisimama pale hadi darasa likaisha, kisha akarudi nyumbani kwa miguu na sahani yake. Roho iliniuma. Nilikuwa na gari kufikia wakati huo, nikamkimbilia nimpeleke, akaniambia asante, dada, leo natembea.

Mwaka uleule hoteli ilitaka kumfanya msimamizi wa wafanya usafi, lakini kwenye tawi lao jingine mbali kidogo, ambako hakuna mtu wetu aliyekwenda. Alikataa cheo. Aliwaambia ana magoti mabovu. Msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutandika vitanda ndiye aliyekichukua.

Baada ya hapo nilimkabili Mwalimu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwetu hatuzunguki sana. Tulikuwa tumekaa garini nje ya ofisi ya leseni, tukimngoja mwanafunzi aliyekuwa ndani. Nikamwambia, "Mwalimu, samahani lakini nitasema. Kwani mama amekukosea nini? Sisi wote umetufundisha ku-drive. Yeye anasimama kwenye mvua kama hana mume."

Nilidhani atanifukuza garini. Aliinama akavitazama viatu vyake.

"Kulikuwa na mwanafunzi wangu," alisema hatimaye. "Kabla hujafika wewe. Tulitoka naye kambi moja."

Miaka yake ya kwanza, aliniambia, alifundisha watu wakunje magurudumu mapema. Ukiwa katikati unangoja, kunja usukani kushoto kabisa, ili nafasi ikipatikana uwahi kupita. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na yeye aliona ni busara. Yule mwanamke alifaulu testi, akanunua gari dogo, akaanza kwenda kazini peke yake. Asubuhi moja yuko katikati ya makutano anangoja, magurudumu yamekunjwa kama alivyofundishwa, pikapu ikamgonga kwa nyuma. Magurudumu yangekuwa yamenyooka, gari lingesukumwa mbele tu. Kwa kuwa yalikunjwa, lilisukumwa moja kwa moja mbele ya magari yanayokuja.

"Alikufa?" niliuliza.

"Hakufa. Nyonga ilivunjika. Alilala miezi." Alipangusa kiatu kwa kidole. "Nilipoingia wodini, aliponiona alilia. Unajua aliniambia nini? Aliniambia, 'Mwalimu, nilifanya vilevile ulivyonifundisha.' Alitaka nisimdhanie mzembe. Ananifariji mimi."

Mlango wa ofisi ulifunguka, akatoka mtu mwingine, si wetu. Mwalimu aliusubiri ujifunge.

"Wengine nikawarudia wote nyumba kwa nyumba, nikawaambia wanyooshe. Kuacha kufundisha sikuweza, watu wanataka kazi, wangejifunza kwa nani? Lakini huyu wa kwangu." Aligusa kifua. "Sijui ni kitu gani kingine ninachokosea mpaka leo. Mwanafunzi akiumia nitalia. Huyu akiumia nitarudi nyumbani kwa nani?"

Niliguswa. Lakini hasira yangu haikwisha, na mpaka leo nadhani nilikuwa na haki nayo. Nilimwambia basi amwache afundishwe na mwingine. Akasema mwingine atamfundisha vibaya. Nikamwambia basi angalau amweleze mkewe haya aliyonieleza mimi. Akasema, "Mambo ya kutisha hayapelekwi nyumbani." Kisha mwanafunzi wetu akatoka akirusharusha karatasi juu, amefaulu, na Mwalimu akashuka kumpongeza, akatabasamu kama mtu asiye na neno moyoni. Aliniomba nisimsimulie mtu, na sikumsimulia, hata Mama Goreti. Haikuwa siri yangu ya kupeleka.

Mimi na mume wangu tulihamia Pearland baadaye, kusini ya Houston, tukapata kazi kwenye jiko la hospitali moja kati ya zile kubwa za mjini. Habari za Mesquite zilinifikia kwa simu. Kwanza nilisikia Mwalimu amekwaruza nguzo ya geti la kanisa. Kisha nikasikia ameikwaruza tena. Presha ya macho ilikuwa imemla uoni wa pembeni kidogo kidogo, naye akaficha, mpaka siku alipoingia katikati ya makutano na mwanafunzi kwenye usukani, akamwambia apite, na basi hakuliona. Mwanafunzi ndiye aliyekanyaga breki. Jioni hiyo Mwalimu aliweka funguo za gari juu ya televisheni na hakuzigusa tena.

Zilikaa pale wiki chache, zikipanguswa vumbi. Halafu Mama Goreti akazichukua. Alikwenda shule ya kulipia, akafundishwa na bibi mmoja Mmarekani ambaye hawakuelewana lugha vizuri, akafaulu mara ya kwanza. Nilipopigiwa simu nilipiga kigelegele jikoni kazini, wakadhani nimeungua.

Mwalimu hakumpongeza, na hakupanda. Aliendelea kwenda kanisani kwa magari ya watu au kwa miguu, fimbo mkononi, na gari lao wenyewe likampita barabarani na mkewe ndani. Mama Goreti alikuwa akifika kabla yake, akakaa kwenye benchi lao, akamwachia nafasi. Watu walisema mzee amekuwa mkaidi. Mimi nilijua anaogopa, nikashindwa kulisema.

Mara ya mwisho nilipokaa nao muda mrefu ni walipokuja Houston kwa ajili ya jicho lake. Goreti aliwachukua kwa gari lake kutoka Mesquite na akampeleka baba kwenye upasuaji. Kwa kuwa Katy ni mbali na hospitali, walilala kwangu, na kesho yake Goreti akiwa kazini mimi ndiye niliyekuwa nimpeleke Mwalimu kwa daktari kuangaliwa. Nilimpeleka, Mama Goreti akiwa nasi. Daktari aliridhika, akabadilisha kifuniko cha jicho lililopasuliwa. Jicho la pili lilikuwa limebakiwa na mwanga tu, bila sura za watu.

Tulipofika kwenye maegesho, Mama Goreti alininyooshea mkono. "Dada, leo niachie mimi," alisema kwa sauti ya chini. Nilimpa funguo, nikafungua mlango wa nyuma.

Mwalimu alikuwa ameshika mpini wa mlango wa mbele, upande wa abiria. Alisikia viatu vikienda upande wa dereva. "Dada," aliuliza, "anayeendesha ni wewe?"

Ningeweza kudanganya, na asingejua. "Ni Mama Goreti," nilimwambia.

Alisimama. Lami ilikuwa inatoa moto, na jasho lilimtiririka pembeni ya kile kifuniko. Magari yalitupita yakitafuta nafasi. Mama Goreti alikuwa ameshakaa, mkanda ameufunga, hakuwasha injini na hakumwita. Sijui tulikaa vile muda gani. Hatimaye Mwalimu alifungua mlango, akapapasa kiti, akaingia, na fimbo yake akaiweka katikati ya miguu.

Mama Goreti aliendesha polepole kuliko mimi, vioo akivitazama kila mara. Tulikwenda vizuri hadi kwenye makutano tunapokata kushoto kuelekea Pearland. Barabara ile ina leni tatu za wanaokuja, na saa ile zilikuwa zimejaa. Mshale wa manjano uliwaka na kuzima. Mama Goreti alisimama nyuma ya mstari. Mtu nyuma yetu akapiga honi, akapiga tena, na nikaona bega la Mama Goreti likipanda na kushuka. Kisha akaachia breki, akaingia katikati, akasimama.

Mwalimu alisikia indiketa. "Uko wapi?"

"Nimeingia."

"Kuna nini mbele? Leni zote umetazama? Usi—"

"Baba Goreti," alisema mkewe, bila ukali, "naomba uninyamazie nitazame."

Akanyamaza. Sikuwahi kumwona Mwalimu akinyamazishwa na mtu. Alishika ukingo wa kiti, vidole vimekaza, uso ameuelekeza mbele kama anayeona. Magari yalipita, na kila kubwa lilipopita gari letu dogo lilitikisika, naye akatikisika. Mama Goreti alitupa jicho upande wake mara moja tu, akarudisha macho barabarani. Kisha, bila kuombwa, akaanza kumwambia.

"Limepita lori. Linakuja gari jeupe. Limepita. Kuna basi la shule, liko mbali, nalingoja na lenyewe. Nyuma yake gari jekundu. Limepita. Mengine mawili. Moja. Sasa hakuna."

Akakata, kwa upana, taratibu, akaingia leni yake.

Tulipita maduka. Mwalimu alikuwa bado ameshika kiti. Alimwita mkewe kwa jina ambalo mimi, kwa miaka yote hiyo, sikuwahi kulisikia kwa mtu.

"Perpetua," alisema. "Mimi niliogopa."

"Hapo tulipokata?"

"Miaka yote. Niliogopa nitakufundisha vibaya ufe."

Nilimwona Mama Goreti kwenye kioo, macho yake yamejaa, lakini hakuyatoa barabarani.

"Ungeniambia," alisema. "Mimi nilidhani unaniona sina akili."

Mwalimu aliachia kiti. Mkono wake ulipapasa hewani ukitafuta mkono wa mkewe, ukagusa kanga, ukagusa bega. Mikono yote miwili ya Mama Goreti ilikuwa kwenye usukani, naye hakuiondoa.